Jibu Moja la Nyumbani Kwetu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, shuleni kwetu Gitega hatukosi mzazi anayesimama mkutanoni na kusema mtoto wake humweleza kila kitu. Huwa ni baba. Akina mama hawana muda wa upuuzi wa namna hiyo. Baba huyo huvaa koti, hukohoa kidogo, hutazama kushoto na kulia kuhakikisha wote wanamsikia, kisha hutangaza: "Mimi na binti yangu ni marafiki. Hanifichi kitu." Wazazi wenzake hutikisa vichwa kwa heshima. Mimi ninayefundisha hesabu hukaa mstari wa nyuma pamoja na walimu wenzangu, nikiuma midomo nisicheke, maana hotuba hiyo naijua neno kwa neno. Niliwahi kuitoa mwenyewe, nimefunga tai.

Sina huruma na baba wa aina hiyo. Ni mjinga, na cha kuudhi zaidi ni kwamba ni mjinga aliyeridhika. Lakini kabla sijamsema yeye, inabidi nimseme baba yangu, kwa sababu mambo haya hayakuanzia kwangu.

Baba yangu ni mkulima wa mlima mmoja wa Muyinga; kwetu Burundi mlima ndio kijiji. Alikimbilia Tanzania akiwa kijana, akaoa huko, akatuzaa huko, na nilipokuwa na miaka kumi na mmoja akaturudisha. Tulivukia mpaka wa Kobero juu ya lori, tumekaa juu ya mabati yetu na milango miwili aliyoing'oa kwenye nyumba tuliyoiacha, maana baba alikuwa na hakika kwamba Burundi hakuna milango. Tulipofika mlimani tukakuta shamba la babu linalimwa na binamu wa baba, tena kwa raha zake, na migomba ameshapanda. Kesi ikaanza, ikachukua miaka.

Wiki ile ile baba alitukusanya uani akatupa somo moja tu, la pekee alilowahi kutuandalia maishani. Mtu yeyote asiye wa nyumba hii akiuliza swali, jibu ni "sijui". Tumekuja na nini kutoka Tanzania? Sijui. Baba ameenda wapi leo? Sijui. Akiuliza kwa Kirundi, "sinzi", basi. Alitufanyisha mazoezi kama askari. Alikuwa anatoka nje ya ua, anavuta kofia mpaka machoni, anarudi kama mgeni na sauti ya kubadilisha.

"Watoto, baba yenu yuko wapi?"

"Sijui."

"Mna mbuzi wangapi?"

Siku moja mdogo wangu wa kike akasahau, akasema watatu. Alikula kofi. Mbuzi walikuwa wanne, hakuwa amejifunza kuhesabu vizuri, kwa hiyo hata siri yenyewe hakuitoa. Baba hakujali. Alisema siri ya nyumba ni ibanga, na asiyejua kutunza ibanga si mtu. Hilo neno la Kirundi alilitamka kwa fahari kubwa, kama vile ndiye aliyelileta kwenye lori.

Nakubali kwamba alikuwa na sababu. Tulikuwa tunatazamwa, kila neno letu lilifika kwa binamu yake kabla ya chakula cha mchana. Lakini baba hakutuambia mahali ambapo somo lake linaishia, na mtoto haambiwi nusu ya jambo.

Nikapelekwa shule. Mwalimu wa kwanza alikuwa mtu mpole, akaniuliza kwa Kirundi natoka mlima gani. Nilijua. Nikajibu "sinzi". Darasa likacheka. Akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Sinzi. Akaona labda naogopa mambo ya nyumbani, akaniuliza saba mara nane. Hesabu nilizitoa Tanzania, nilizijua kuliko wote mle ndani, lakini nilimtazama yule mwalimu nikajiuliza anazitaka za nini. Alikuwa mtu wa mlima wa jirani. Nikamwambia sinzi. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nimejifunza kulisema hata kwa Kifaransa, "je ne sais pas", sentensi yangu ya kwanza kamili ya lugha ile, na matamshi yalikuwa mazuri sana. Nikarudia darasa.

Baba alipewa buletini, karatasi ya alama zangu. Hakusoma Kifaransa, akamwita jirani amsomee. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto hajibu chochote anachoulizwa. Baba akakata fimbo. "Nakupeleka shule, unakaa kama gogo? Huna mdomo?" Alinichapa kwa kosa la kutii. Nilimchukia siku ile, nasema hivyo bila kupunguza, na chuki ile nimekaa nayo miaka mingi kuliko kesi ya shamba.

Basi nikaapa. Mtoto wangu atasema. Nyumba yangu itakuwa wazi. Nilipomaliza masomo nikapata kazi Gitega, nikapanga nyumba mtaa wa Mushasha, nikaoa mtoto wa mjini kutoka familia ya mafundi cherehani, mwanamke anayezungumza na wateja huku pini ziko mdomoni, na hakosei. Tukapata binti mmoja. Alipofikisha miaka kumi nikaanzisha mkutano.

Mkutano ulifanyika kila Jumamosi baada ya chai. Niliandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani: NYUMBA HII HAINA SIRI. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mmoja aseme mambo matatu ya wiki yake, moyo wazi, bila woga. Mimi sikusema yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nilikuwa na daftari la mistari, nimelichorea pambizo, na niliandika. Mke wangu alihudhuria akiwa kwenye cherehani yake. Zamu yake ikifika alisema, "Mi niko na suruali ya mteja hapa. Andika nimeshona." Nikaandika ameshona.

Mwanzoni binti yangu aliufurahia ule mkutano. Baadaye akaijua kazi yake. Wiki hii aligombana na mwenzake juu ya rula. Wiki ijayo alicheka kanisani. Wiki nyingine alidanganya kwamba amenawa miguu. Zilikuwa siri ndogo safi zisizomuumiza mtu, tatu tatu kila Jumamosi, na mimi nilizipokea kama zawadi, nikazipeleka Jumatatu kwenye chumba cha walimu kuwaonyesha wenzangu malezi yanavyofanywa. Leo nadhani nusu yake alizitunga njiani kutoka jikoni. Alinihudumia kama unavyomhudumia mgeni chai ya haraka ili aage.

Inabidi nieleze jambo moja ambalo mtu mwenye akili angeliona bila kuelezwa. Binti yangu alisoma kwenye shule ninayofundisha. Chumba cha walimu kina meza moja ndefu, chupa ya chai, na watu wasio na la kufanya saa sita. Mwalimu wa Kifaransa alikuwa akiketi tu, ananiambia, "Mzee, wako leo ameuliza kitu cha mwaka jana." Wa fizikia naye akaleta lake: wako amesema hajaelewa, nimerudia mara mbili. Walikuwa wananisaidia, waungwana hawa. Mimi nilitoa kalamu nikaandika pambizoni. Na Jumamosi, kwa sauti laini kabisa, nikamwambia: "Jumatano saa tatu uliuliza jambo ambalo ulitakiwa kulijua. Tuzungumze. Ulijisikiaje?"

Sikumpiga hata siku moja. Nilijivunia hilo mno. Nilimtazama kwa upole, nikangoja, na kalamu ikangoja pamoja nami.

Taratibu habari zake zikapungua kwenye meza ya walimu. Mwaka wa saba zilikuwepo, wa nane zikawa chache, wa tisa hakuna. Haulizi tena. Unadhani nilisema nini? Nilisema, sasa anaelewa. Ni mwaka huo huo niliposimama kwenye mkutano wa wazazi na tai yangu.

Mwisho wa muhula wa kwanza wa mwaka wa tisa ikaja siku ya proklamasyo. Kwetu matokeo hayapelekwi kwa siri. Shule nzima inasimama uwanjani, wazazi upande mmoja, walimu upande mwingine, na majina yanasomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila anayeitwa anapita mbele ya macho yote kuchukua buletini yake. Darasa la binti yangu lilikuwa na wanafunzi arobaini na sita. Wakaitwa kumi wa kwanza. Wakaitwa ishirini. Ilipofika thelathini mwalimu wa fizikia aliyesimama pembeni yangu akaanza kuchunguza mawingu. Binti yangu alikuwa wa arobaini na moja. Kwenye hesabu, somo la baba yake, hakufika hata theluthi.

Kwa alama hizo hakuna mtu anayepita mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa, na asiyepita, shule yake imeishia hapo. Ilibaki mihula miwili. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, ya mwalimu wa hesabu. Kumfikiria yeye kulikuja baadaye, kukiwa kumechelewa.

Nyumbani nikaitisha mkutano wa dharura. "Fungua moyo," nikamwambia. Akasema ataongeza bidii. Nikamuuliza kama kuna kitu ananificha. Aliitazama ile karatasi ya ukutani, akaisoma polepole kama vile imebandikwa asubuhi hiyo. "Hapana, baba." Nikamwambia bado mambo mawili. Akafikiri. "Nimegombana na rafiki yangu juu ya kalamu," akasema. Nami, Mungu anisamehe, niliandika.

Akaomba aende Muyinga likizo, akamsaidie babu yake kuvuna maharagwe. Nikamruhusu, nikijua kule atakutana na mtu ambaye hajawahi kuzungumza na mtoto dakika tano, na huenda akarudi ameuthamini mkutano wetu.

Likizo ilipokaribia kwisha nikapanda gari la kupitia Karusi kwenda kumchukua. Nilifika mlimani alasiri. Mbele ya nyumba hapakuwa na mtu, ila nyuma nilisikia sauti ya msichana anasema. Nikadhani ni mtoto wa jirani, kwa kuwa sikuijua sauti hiyo ikiwa ndefu namna ile. Ilikwenda, ikapanda, ikasimama kucheka, ikaendelea. Maneno sikuyapata. Nilisikia tu maharagwe yakianguka kwenye ungo, na mara moja moja sauti ya mzee ikisema, "Ehee."

Nikazunguka ukuta. Binti yangu akanyamaza. "Shikamoo, baba," akasema, akaniletea kigoda, akaketi mbali kidogo na mikono magotini. Kuku ndio waliobaki kuzungumza.

Nilingoja aende kuchota maji. Kisha nikamgeukia mzee.

"Anakueleza nini?"

"Sijui," akasema baba yangu.

"Mzee, huyu mtoto ana shida shuleni. Amekwambia ni nini?"

"Sijui."

"Mimi ni baba yake."

"Hilo najua."

Alikuwa anachambua maharagwe, mabovu kulia, mazima kushoto. Nikamuuliza yeye anamuuliza nini hata mtoto anasema vile.

"Simuulizi kitu," akasema. "Mimi nachambua maharagwe. Anasema mwenyewe."

Hapo nilichafuka. Nilimwambia yote. Nilimkumbusha ile kofia yake ya machoni, kofi la mbuzi watatu, buletini, fimbo. Nilimwambia kwamba alinifunga mdomo halafu akanichapa kwa sababu umefungika, na kwamba hana haki ya kukaa hapa uzeeni kumfungulia mwanangu masikio ambayo mimi sikuwahi kuyapata. Sauti yangu ilipanda mpaka majirani wakatokea kwenye migomba, na kwa mara ya kwanza tangu turudi Burundi mtu wa nyumba yetu akawa anaimwaga ibanga hadharani. Mzee hakuinua macho. Alisubiri nimalize.

"Ile ya fimbo nilikosea," akasema, kama mtu anayekiri amekosea mlango. Akatupa haragwe bovu. "Mwache mtoto abaki hapa asome."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Nikatoka mpaka barabarani, nikampigia simu mke wangu nimlalamikie. Nilitegemea tucheke pamoja. Akasikiliza, cherehani ikaendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Muache uko," akasema.

"Kwa nini wote mnasema nimwache?"

"We haujue kweli? Papa, mtoto akiuliza kitu kwa klasi saa tatu, saa sita iko kwa meza ya baprofesa, samedi kwa mkutano iko mu kaye yako, ile daftari. Sasa atauliza aje? Mi ningekuwa yeye, singeuliza ata njia ya choo."

"Amekwambia hivyo?"

"Hajaniambia kitu. Mi niko na macho."

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema aliniambia, mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia asubiri Jumamosi.

Nilikaa pembeni ya ile barabara muda mrefu. Walipita wauza ndizi na baiskeli zao wakanisalimu, na sikuwaitikia. Nilikuwa nimesoma vitabu vya malezi, nimehudhuria semina zenye biskuti, nimemdharau mzee asiyejua kusoma, na nilichofanikiwa kukijenga ni kituo cha polisi chenye sauti laini. Baba yangu angalau alitukataza kusema mbele ya watu wa nje. Mimi nilimfanya binti yangu aogope kusema mbele ya kila mtu, na juu yake nikamtaka atabasamu. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika. Jioni nikarudi Gitega peke yangu.

Kuhamisha mwanafunzi katikati ya mwaka ni shughuli, lakini ilifanyika. Kwenye meza ya walimu nilisema mzee anahitaji msaada wa shamba, wakanisifu kwa kuwaheshimu wazazi. Jumamosi ya kwanza nilikunywa chai nikatazama ukuta. Karatasi haikuwepo. Mke wangu alikuwa ameigeuza, anakata juu yake kiolezo cha kola. Hakusema kitu, nami sikuuliza, na nadhani huo ndio uliokuwa mkutano wetu mzuri kuliko yote.

Mwisho wa muhula wa pili nikaenda Muyinga kwa proklamasyo. Ni shule ya mlimani, wanafunzi wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na upepo unaingia unavyotaka. Nilisimama kati ya wazazi waliotoka shambani, wengine na majembe yao, na hakuna aliyejua mimi ni mwalimu. Sikuvaa tai. Majina yakasomwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa arobaini, nimejiandaa kweli, nimeshakubaliana na moyo wangu. Aliitwa wa kumi na tisa. Mtihani wa taifa bado ulikuwa mbele na hakuna aliyenipa ahadi yoyote, lakini wa kumi na tisa anaukabili akiwa amesimama.

Watu walipoanza kutawanyika mwalimu wake wa hesabu akanifuata, kijana mwenye chaki kwenye mkono wa shati.

"Wewe ndiye mzazi wa huyu?"

Nikakubali.

"Ananichosha," akasema. "Nakwambia ukweli, mzazi. Kila kipindi mkono juu. Sijaelewa mesie, rudia mesie. Swali moja mara tatu, wenzake wanamcheka, haoni haya. Nina wanafunzi wengi mle ndani, lakini huyu anauliza kuliko wote. Hebu niambie, nyumbani mlimleaje?"

Binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, pembeni ya babu yake, buletini mkononi. Alikuwa ananitazama. Alimsikia mwalimu, na alijua hotuba ninazo. Kwa kweli ilikuwa imeshanifika mdomoni, na koo nilishalisafisha.

"Sijui," nikamwambia yule kijana.

Akanitazama kama alivyonitazama mwalimu wangu wa kwanza. Baba yangu akakohoa, akajitengeneza kofia. Binti yangu akaja akanipa buletini niibebe, tukashika njia ya nyumbani, mzee mbele na fimbo yake ya kutembelea, sisi nyuma. Mteremko mzima sikumuuliza kitu, na haikuwa rahisi, mara mbili nilifungua mdomo nikaufunga. Tulipovuka kijito akaanza kunieleza jambo fulani, lake mwenyewe, taratibu, bila kunitazama. Tulikwenda naye mpaka mlangoni hajalimaliza, na hilo siliandiki.